Kufungua akaunti baada ya hundi kurudi

Hundi inayorudishwa na benki kwa kukosa fedha huacha mambo matatu: deni kwa aliyeipokea, alama katika faili la mteja, na kosa linaloweza kumfikisha mwandikaji mbele ya mwendesha mashtaka. Anayetaka kufungua akaunti mpya kwa kawaida huhangaika na hilo faili, akiamini kwamba kizuizi chake ni benki. Lililo zito zaidi ni deni. Likilipwa, na malipo yakawa na ushahidi wa maandishi, hayo mengine mawili hupungua nguvu.

Kasumbalesa ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huu uko mpakani mwa Kongo na Zambia, katika eneo la Sakania, takriban kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Malori yaliyobeba shaba na kobalti hutoka hapa kuelekea kusini. Unga wa mahindi, mafuta na vifaa vya migodi huingia. Mkononi mwa mfanyabiashara mmoja hupita franka, dola na kwacha kwa siku moja, na wavunja fedha hukaa kando ya barabara na mafungu ya noti mbele yao. Ushuru wa DGDA, idara ya forodha, hulipwa kupitia benki. Kwa hiyo hata mji unaopenda fedha taslimu kiasi hiki hauwezi kuikwepa benki, na asiye na akaunti hubaki akitegemea ya mwenzake au ya wakala wa forodha.

Hundi zinazoleta matata si lazima ziwe za matapeli. Nyingi huanza kama dhamana. Mwenye duka huchukua mzigo wa unga wa dola 4,000 kwa mkopo, na muuzaji humtaka aache hundi ya kiasi hicho, yenye sahihi lakini bila tarehe, au yenye tarehe ya mwezi ujao. Wote wawili wanajua kwamba siku hiyo akaunti haina dola 4,000. Mauzo yakichelewa, au kwacha ikipanda na kushuka kuliko ilivyotarajiwa, muuzaji huchoka kungoja na kuipeleka hundi benki. Karani hutazama salio, na hundi hurudi na karatasi ndogo inayotaja sababu kwa Kifaransa: fedha hazitoshi.

Hapo ndipo watu wengi hugundua kwamba sheria haiitambui hiyo dhamana yao. Sheria ya hundi ya Kongo ina mizizi katika amri ya tarehe 10 Desemba 1951, ya enzi za Wabelgiji, nayo inafuata njia ya Mkataba wa Geneva wa 1931: hundi hulipwa siku inapoletwa, hata ikiwa na tarehe ya mbele. Kutoa hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai. Kenya imekwenda njia nyingine kidogo. Kifungu cha 316A cha sheria yake ya adhabu kinaweka faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, lakini kinaiacha nje hundi yenye tarehe ya mbele. Mfanyabiashara aliyezoea desturi za Nairobi anaweza kujikuta matatani Lubumbashi kwa karatasi ambayo kwao ingekuwa deni tu.

Aliyerudishiwa hundi ana njia mbili. Anaweza kwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, kushtaki. Anaweza pia kwenda mahakama ya biashara kuomba amri ya malipo, utaratibu wa haraka wa OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Sheria ya OHADA inaitaja waziwazi hundi iliyokosa fedha kama msingi wa kuomba amri hiyo. Kiutendaji, wadai wengi hutishia ya kwanza ili walipwe, na si kwamba wana hamu ya kumwona mtu gerezani.

Si kila hundi inayorudi ni kosa la mteja. Sahihi isiyofanana na ile iliyo kwenye faili, maneno na tarakimu zisizolingana, au akaunti iliyozuiwa kwa kukosa nyaraka huweza pia kuirudisha. Benki yenyewe nayo inaweza kukwama: mwaka 2016 benki ya BIAC iliishiwa na ukwasi, wateja wakashindwa kutoa fedha zao, na Benki Kuu ya Kongo ikaiweka chini ya usimamizi wa muda. Kwa hiyo ile karatasi ya sababu isitupwe. Tofauti kati ya “fedha hazitoshi” na “sahihi haifanani” ni kubwa mno mbele ya afisa wa benki nyingine.

Kazi ya kujisafisha huanza kwa aliyeipokea hundi. Analipwa, kisha anarudisha hundi yenyewe na kuandika stakabadhi inayotaja namba ya hundi, kiasi na tarehe. Hundi isiporudi mkononi, malipo hayajakamilika, hata kama watu wamepeana mikono na kunywa chai, kwa kuwa karatasi ileile inaweza kuletwa tena benki. Kama shauri lilifika parke, inahitajika pia hati inayoonyesha kwamba limefungwa. Baada ya hapo mteja huenda kwenye benki ya zamani, hurudisha kitabu cha hundi pamoja na kurasa zisizotumika, hulipa makato yaliyobaki, na huomba barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa na hadaiwi kitu.

Faili la benki moja halisomwi moja kwa moja na benki nyingine. Benki Kuu ina kituo cha taarifa za mikopo, Centrale des risques, ambacho benki hukitumia kumkagua anayetaka kukopa. Aliyebaki na deni la benki ataonekana huko. Lakini Kasumbalesa ni mji mdogo, na habari za nani hakulipa nani hazihitaji mtambo. Meneja wa tawi anaweza kuzisikia kabla ya mteja kuketi. Ndiyo maana kusema ukweli mapema, na zile karatasi zikiwa mezani, hufaa kuliko kungoja kuulizwa.

Nyaraka za kufungua akaunti zenyewe ni za kawaida: kadi ya mpiga kura au pasipoti, picha, uthibitisho wa makazi na namba ya simu. Kampuni huongeza usajili wa RCCM, yaani rejista ya biashara, utambulisho wa taifa na namba ya kodi. Wapo wanaojaribu kupita kwa jina la mke, la mdogo wao au la kampuni mpya. Ni njia mbovu. RCCM huonyesha wasimamizi, na sheria namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022, dhidi ya utakatishaji wa fedha, inaitaka benki imjue mwenye fedha halisi.

La kuomba ni akaunti ya akiba, au akaunti ya kawaida isiyo na kitabu cha hundi. Benki huogopa hundi zaidi kuliko inavyomwogopa mtu. Akaunti yenye kadi peke yake haimpi mteja nafasi ya kuandika asichonacho. Rawbank, TMB na Equity BCDC ni kati ya benki kubwa za eneo hili, na kukataliwa na moja si kukataliwa na zote. Kwa muda wa kungoja, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hutosha kwa malipo madogo, ingawa viwango vyake vya juu havimfai anayelipia lori zima.

Kwa Wakongo walio ughaibuni, kumbukumbu huwa ya nchi nzima. Ufaransa huandika majina ya waliotoa hundi zisizo na fedha katika rejista ya Banque de France kwa miaka 5, lakini anayelipa huondolewa mapema, na aliyekataliwa ana haki ya kuomba Banque de France imchagulie benki ya kumpokea. Marekani, kampuni ya ChexSystems, inayokusanya taarifa za wateja wa benki, huhifadhi taarifa kwa kawaida kwa miaka 5, na mhusika ana haki ya kuona nakala yake bure kila mwaka na kupinga makosa.

Kitabu cha hundi hakirudi kwa haki bali kwa uamuzi wa benki, baada ya kuona akaunti inaingiza na kutoa fedha kwa utaratibu. Hadi wakati huo, muuzaji anayesisitiza alipwe kwa hundi anaweza kupewa hundi ya benki yenyewe; mteja akishapata kitabu, hundi yake iliyothibitishwa nayo hufaa: benki huzuia kwanza kiasi hicho kwenye akaunti ndipo ikagonga mhuri.