Kundi Dogo Si Kundi Duni

Mji wetu wa Eldoret ulifanywa jiji mwezi wa Agosti 2024, na makanisa makubwa yamo ndani yake. Sisi wachungaji wa makundi madogo, tunaohubiri chini ya mabati huko Langas au Huruma, hujaribiwa kuhesabu mabenchi matupu na kuona haya.

Lakini tukumbuke Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret. Tarehe 1 Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, watu walikuwa wamekimbilia kanisa dogo la Kenya Assemblies of God, wengi wao wanawake na watoto. Kanisa lilichomwa moto, na wengine wakafia humo. Siku ya hofu mtu haulizi kanisa lina viti vingapi. Huuliza ni nani atakayemfungulia mlango.

Basi kazi yetu ni nini? Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni, alilisalimu pia kanisa lililokutana nyumbani mwake. Hakulidharau kwa kuwa liliweza kuenea katika nyumba moja. Katika kundi dogo mchungaji humjua kila mtu kwa jina. Asiyekuja Jumapili, Jumatatu hupigiwa hodi. Majirani wa makabila mbalimbali wakikosana, yeye husikia mapema, akawapatanisha kabla maneno hayajawa moto.

Ndugu mchungaji, juma hili tusiwahesabu tu waliokosekana, twende tukawatembelee. Mungu atusaidie. Amina.