Dutwa: elfu sita za mtoto na debe la mahindi

Ukitoka Lamadi kwenda Bariadi, lami inakupitisha Dutwa, mashamba ya pamba kulia na kushoto. Chini ya vilima vya hapa na vya Ngasamo jirani kuna nikeli. Kampuni ya African Eagle ilikuja, ikachoronga, ikapima, ikaondoka. Juu ya udongo huohuo, walimu wakuu wa shule za msingi wana hesabu yao nyingine: chaki boksi ngapi, karatasi rimu ngapi, bati zilizong'olewa na upepo ngapi.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye shilingi 10,000. Hiyo ndiyo ruzuku ya uendeshaji ya mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Kati yake, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kidogo kidogo kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilipangwa enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, wakati shilingi 10,000 ilikuwa sawa na dola 10 hivi za Marekani. Leo haifiki hata dola 5. Saruji imepanda, karatasi imepanda, nauli imepanda. Mtoto bado ni wa elfu kumi.

Tuchukue shule ya watoto 900. Zidisha kwa 6,000, unapata 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa mwezi. Humo itoke chaki, mitihani ya ndani, ukarabati, mpira wa watoto na nauli ya kupeleka taarifa halmashauri. Sasa linganisha: mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa nchi nzima, chumba kimoja kilitengewa shilingi milioni 20. Shule yetu hii ya mfano, ikikaa bila kununua hata kipande cha chaki, ingehitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu kufikisha bei ya chumba kimoja.

Siandiki haya kuibeza elimu bila ada. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulianza kazi Januari 2016, na watoto waliokuwa wakishinda machungani wakaja kuandikishwa. Nitautetea waraka huo popote. Lakini walikuja wengi, wakayakuta madarasa yaleyale. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa umaskini wa mzazi wake. Baadaye ikafafanuliwa kwamba michango ya hiari ya wazazi haijakatazwa, ila mwalimu asiishike fedha hiyo. Mzigo ukahamia kwenye mkutano wa kijiji. Mtendaji anafungua kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, watu wanaitika, mwalimu mkuu anasimama kueleza upungufu, anakaa. Kuanzia hapo wanaoamua ni wazazi.

Na kufanya kazi pamoja hapa hakuhitaji semina. Hawa ndio watu wa bugobogobo, wanaolima kwa ngoma, jembe likifuata mdundo. Wanafyatua tofali na kuzichoma, akina mama wanasomba maji, vijana wanaleta mchanga kwa mkokoteni wa ng'ombe. Boma la darasa linapanda mpaka kwenye lenta. Halafu linasubiri halmashauri ilipaue, na kusubiri huko ndiko kunakoniuma. Ukuta usio na paa unaliwa na mvua kuanzia juu. Tope la kwenye viungio linatiririka, tofali za juu zinalegea, nyasi zinaota mahali palipokusudiwa ubao. Anayelipita boma hilo kila asubuhi akienda shamba, ukimwita tena kusomba mchanga, atakuuliza ule wa kwanza ulifanya nini.

Ndani ya darasa, mwalimu hujitafutia. Mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi hauchomwi: unapasuliwa, unakung'utwa, unageuzwa upande wa ndani, na juu ya ile karatasi ya kaki zinaandikwa silabi za darasa la kwanza kwa kalamu nene. Vizibo vya soda ndivyo vya kuhesabia. Hata chaki mkoa uliwahi kuamua kujitengenezea: vijana wa Maswa walianzisha kiwanda chao, wakati mkuu wa mkoa wa Simiyu, Anthony Mtaka, akihimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake.

Kuna jambo moja ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kalenda. Shule zinafunguliwa Januari. Januari hiyohiyo pamba iko kwenye palizi, mfuko wa mzazi ni mtupu, na mahindi ya mwaka jana yako chini ya ghala. Fedha ya pamba huonekana msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kuanzia Mei, na si kila mwaka. Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa. Kumdai mzazi huyo debe la mahindi ya uji wa shule mwezi wa kwanza ni kumdai asichonacho. Akidaiwa mwezi wa saba, atalibeba mwenyewe kichwani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Hazina ipandishe ile elfu kumi, maana imeshindwa na bei za dukani siku nyingi. Na kamati za shule zikusanye chakula wakati wa mavuno, Juni na Julai, zikiwa na ghala ambalo dumuzi haingii.

Na ghala hilo lisibague. Mama ambaye mahindi yake yalinyaukia shambani huwa bado ana viazi. Anavikatakata, anavianika juu ya mwamba, anapata michembe. Daftari la michango lina safu ya mahindi na safu ya maharage. Achorewe na yeye safu yake.