Mwonyesha-Njia wa Uongo

Siku hizi ordinatere, ndiyo kompyuta, zimeingia katika seminari zetu, katika ofisi za majimbo na katika nyumba za waamini wengi. Inafaa basi tujue hatari zake, si kwa kuziogopa, bali kwa kutumia chombo hiki kwa akili. Leo tunataka kueleza hatari moja isiyoonekana kwa macho: programu mbaya inayogeuza njia ambayo ordinatere inafuata katika intaneti.

Kwanza tufahamu njia ya kweli. Kila saiti ya intaneti ina jina, nasi tunalisoma bila shida. Lakini mashini hazitafutani kwa majina. Zinatafutana kwa namba. Kwa hiyo, tunapoandika jina la saiti, ordinatere inauliza mashini nyingine: “Namba ya jina hili ni gani?” Mashini hiyo inaitwa seva ya DNS. Inajibu, na ordinatere inakwenda pale ilipoambiwa, bila kuchunguza. Ni kama mgeni anayeshuka gari moshi Lubumbashi na kuuliza njia ya parokia. Akijibiwa na mwongo, atapelekwa kwa wezi, huku akizani anakwenda kwa padri.

Programu moja ya namna hiyo iliitwa DNSChanger. Tangu mwaka 2007, watu wa kampuni ya Rove Digital, katika inchi ya Estonia, waliitumia kwa kudanganya wengi. Mtu alitaka kutazama filamu, akaambiwa aweke kwanza programu ndogo ya kumsaidia kuiona. Akakubali, na adui akaingia. Programu ile haikuvunja kitu. Ilibadili tu namba ya seva ya kuulizwa, na kuweka namba ya seva ya wezi. Mara nyingine iligeuza hata kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kile kinachoitwa ruta, kama mwenyewe aliacha neno la siri la kiwanda. Hapo watu wote wa nyumba walipotezwa pamoja, hata yule asiyekosa neno.

Wezi walipata faida gani? Walipeleka watu kwenye saiti wasizozitaka, wakabadilisha matangazo ya biashara, wakalipwa kwa kila mtu aliyepita kwao. Wakazuia pia programu za kulinda ordinatere zisipate nguvu mpya. Ordinatere zaidi ya milioni 4, katika inchi zaidi ya 100, zilishikwa. Wezi walipata dola zisizopungua milioni 14.

Mwezi wa Novemba 2011 polisi ya Estonia ilikamata watu 6, kwa kusaidiana na FBI ya Marekani. Lakini hapo lilizaliwa swali gumu. Kama seva za wezi zingezimwa siku ile, mamilioni ya watu wasio na kosa wangekosa intaneti mara moja, kwa sababu ordinatere zao hazikujua kuuliza penginepo. Tribinali ya New York ikaamua seva za kweli ziwekwe pahali pa zile za uongo, zikiangaliwa na shirika la ISC. Muda uliwekwa mpaka tarehe 8 Machi 2012, kisha ukaongezwa mpaka tarehe 9 Julai. Wakati huo watu walionywa wasafishe ordinatere zao. Mwaka 2016 mkubwa wa wezi alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na miezi 3.

Tunaona hapa hukumu yenye busara. Kuondoa ubaya ni lazima. Lakini mwenye mamlaka anapaswa kuangalia kwanza nani ataumia pamoja na mkosaji. Huruma hiyo nayo ilikuwa na mwisho wake, maana aliyeonywa ana wajibu wa kujitengeneza.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tusiweke programu tunayosukumiwa na saiti tusiyoijua. Pili, tubadili neno la siri la ruta siku ya kuinunua. Tatu, tuulize kampuni inayotuuzia intaneti namba za seva zake, tuzilinganishe na zile zilizoandikwa katika ordinatere na katika ruta. Nne, ordinatere ikituonya kwamba cheti cha saiti hakipatani na jina lake, tusiendelee, zaidi sana pahali pa feza.

Mtu anayetunza ordinatere ya jumuiya asiseme: “Mimi sina siri, wezi wataniibia nini?” Barua za wakristu na feza za maskini zinapita mkononi mwake. Uzembe wake hauumizi yeye peke yake. Ndiyo maana kuchunguza namba hizo chache, kazi ya dakika kumi, ni sehemu ya uaminifu wake.