Fahamu: Kwa nini wataalamu wa usalama husoma soga za Telegram

Julai 2023 eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni nchini Kenya, ulikwama; watu walishindwa kuomba pasipoti, hata kukata tiketi za treni. Kundi la wadukuzi la Anonymous Sudan lilijitapa kwenye Telegram kuwa ndilo lililohusika. Mbinu yao: kuzisonga seva kwa maombi ya uongo hadi zishindwe kupumua.

Makundi haya hupenda sifa, na hapo ndipo yanapojianika. Wataalamu hupekua soga zao wakisaka jina la taasisi, anwani ya tovuti, nywila zinazouzwa. Wakiona kimojawapo, huonya mapema. Tanzania, kazi hiyo ya tahadhari ni ya TZ-CERT, kikosi cha dharura za kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Pemba nasi tumo: ujumbe wa tapeli nao humwanika. Mkulima wa karafuu wa Wete akipokea “ile pesa tuma kwenye namba hii”, asiufute ujumbe. Autume kwenda namba 15040 ya TCRA, ili namba ya tapeli ifungiwe.