Soya, Samadi na Mbolea ya Chumvichumvi

Someni pole pole, na anayesoma vizuri amsaidie jirani yake.

Watu wa Singida huniuliza, "Mwalimu, nitie samadi au mbolea ya dukani?" Huuliza kana kwamba vitu hivi viwili ni paka na panya. Katika shamba la soya vyote viwili vina kazi.

Wazee wa Kinyaturu waliijua samadi tangu zamani. Waliitia katika mashamba ya uwele na mtama. Mashamba yetu mengi yana mchanga, na mchanga haushiki maji. Tena mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Samadi huufanya udongo ushike maji siku chache zaidi mvua inapokatika. Kazi hiyo mbolea ya dukani haiiwezi.

Lakini samadi ina upungufu. Tani nzima ya samadi kavu ya ng'ombe ina kilo chache tu za fosforasi, yaani chakula kinachokuza mizizi na kujaza punje. Kwa hiyo tunaongeza TSP, au fosfeti ya Minjingu inayochimbwa kwa jirani zetu wa Mkoa wa Manyara.

Wengine husema mbolea ya dukani huua ardhi. Neno hilo si uongo mtupu. Salfeti ya amonia ikitiwa peke yake miaka mingi huutia udongo asidi. Lakini TSP si salfeti ya amonia.

Sasa angalieni sana, maana hapa ndipo fedha hupotea. Soya, kama kunde na karanga, hujipatia naitrojeni. Mizizini mna vinundu, na ndani yake bakteria wanaoichukua kutoka hewani. Ukitia urea nyingi, mmea hauhangaiki tena kufanya vinundu. Mimi mwenyewe nilikosa hivyo. Majani yalinawiri, wapita njia wakanisifu, lakini maganda yalikuwa haba. Nilipong'oa shina moja sikuona kinundu hata kimoja!

Shamba ambalo halijapandwa soya huenda halina bakteria hao. Huuzwa katika pakiti. Wachanganye na mbegu kivulini, upande siku hiyo hiyo. Jua huwaua.

Tufanye hesabu ya ekari moja. Samadi, tani 2. Kama mkokoteni wako hubeba nusu tani, ni safari ngapi? Naam, 4. Iwe imeoza: haina joto, hainuki, hupukutika mkononi. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu. Itandaze kabla ya kulima. TSP, kilo 40, yaani chini ya mfuko mmoja wa kilo 50. Itie katika mfereji siku ya kupanda, ifunike kwa udongo, kisha weka mbegu juu. Mbegu isiguse mbolea, kwani mbolea hiyo huwadhuru wale bakteria. Usiirushe ovyo shambani: fosforasi haitembei udongoni, hukaa pale ulipoiweka.

Soya yako itakapotoa maua, chimba shina moja taratibu kwa jembe, usiling'oe. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi. Lileteni shina hilo darasani, tulitazame pamoja.