Je, Wajua? Mlo wa Mjapani si wa Kale Kama Unavyodhani

Mtajie mtu chakula cha Kijapani, atakujibu sushi na samaki mbichi. Hakukosea, ila kwa familia nyingi za huko sushi ina siku zake, kama pilau yetu ya sikukuu. Siku za kawaida watu wanakula wali, supu ya miso, mchuzi wa kari, tambi za pakiti na tonge la wali lililonunuliwa dukani wakati wa kutoka kazini. Ukiiacha hiyo supu, ambayo kweli ni ya tangu na tangu, vingi kati ya vyakula hivi, kwa namna vinavyoliwa leo, bibi wa nyumba anavizidi umri.

Tuanze na hilo tonge. Huitwa onigiri: wali uliofinyangwa pembetatu, ndani umetiwa samaki wa chumvi au tunda kali la umeboshi, nje umevikwa mwani mweusi. Mwani huu, nori, si ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Huu husagwa, hutandazwa kwenye vitanga na kukaushwa hadi ukawa karatasi. Tatizo lake ni moja: ukikaa juu ya wali unanyonya unyevu na kulegea. Nyumbani mama hufinyanga asubuhi, mtoto akala mchana mwani ukiwa umeshalainika, na wapo wanaoupenda hivyo hivyo. Dukani walitaka mwani mkavu. Mwaka 1978 duka la 7-Eleven likaanza kuuza onigiri yenye plastiki ya tabaka mbili, mwani ukiwa umefichwa katikati. Leo plastiki hiyo ina namba tatu. Unavuta utepe wa 1 kutoka kileleni, ukashuka nao mpaka nyuma; unavuta pembe ya 2, kisha pembe ya 3, na mwani unaukamata wali papo hapo mkononi mwako. Ukizikosea hizo namba, mwani unabaki kwenye plastiki na wewe unabaki na wali mtupu.

Je, wajua kwamba wavuvi wa Kumamoto humfanyia kumbukumbu kila mwaka mwanamke wa Kiingereza ambaye hakuwahi kukanyaga Japani? Jina lake ni Kathleen Drew-Baker, mtaalamu wa mimea wa Manchester. Alipoolewa mwaka 1928 chuo kikuu chake hakikuajiri wanawake wenye waume, akapoteza kazi ya kufundisha, lakini akaendelea na utafiti bila mshahara. Wakati huo wakulima wa nori walikuwa wanacheza bahati nasibu na bahari: walisimamisha miti na nyavu wakangoja, kwa sababu hakuna aliyejua mbegu ya mwani hukaa wapi wakati wa kiangazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mavuno yakaporomoka na vijiji vikalia njaa.

Mwaka 1949 Drew-Baker alichapisha katika jarida la Nature kwamba yale madoa mekundu yanayoota ndani ya magamba ya chaza, ambayo wataalamu waliyahesabu kuwa mmea mwingine kabisa, ni mwani wa jamii ya nori katika utoto wake. Wanasayansi wa Kijapani wakaichukua habari hiyo, wakaanza kuotesha mbegu ndani ya magamba kwenye matangi na kuzipandikiza kwenye nyavu. Kilimo kikainuka tena. Yeye alifariki mwaka 1957, na mwaka 1963 wavuvi walimjengea mnara mjini Uto, karibu na hekalu la Sumiyoshi, ukitazama Bahari ya Ariake. Kila tarehe 14 Aprili hukusanyika pale kumheshimu. Kwa maoni yangu hakuna mtafiti asiyelipwa aliyewahi kushukuriwa vizuri kuliko huyu.

Wali wenyewe nao una kisa chake. Kupika wali kwa kuni kulimtaka mwanamke aamke alfajiri, awe anaangalia moto asiondoke. Mwaka 1955 kampuni ya Toshiba ilitoa sufuria la umeme linalojizima lenyewe. Mbunifu wake, Yoshitada Minami, alikuwa na karakana ndogo, lakini aliyekuwa akipika, kupima joto na kuandika matokeo siku baada ya siku alikuwa mkewe Fumiko. Ufumbuzi waliouona ni rahisi hadi unachekesha. Walitumia sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati wakatia kikombe kimoja cha maji. Maji hayo yakichemka yote yakaisha, takribani baada ya dakika 20, joto linapanda ghafla kupita nyuzi 100, kipande cha chuma kinapinda na kukata umeme. Wali umeiva, na mpishi bado amelala.

Tambi za pakiti tunazijua sote, hata watoto wa Kariakoo na Eastleigh wanazipika wenyewe wakitoka shule. Aliyezivumbua ni Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan mwaka 1910 wakati kisiwa hicho kilipokuwa koloni la Japani. Alikuwa amefilisika. Alijifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, Osaka, akahangaika na unga kwa miezi mingi, hadi siku moja alipomtazama mkewe akikaanga tempura. Unga ukiingia kwenye mafuta ya moto maji yake hutoka kwa kishindo na kuacha vitundu vidogo vidogo. Tambi iliyokaangwa hivyo inakauka na haiozi. Ukiimwagia maji ya moto, maji yanarudi kupitia vitundu vile vile. Chicken Ramen iliingia sokoni tarehe 25 Agosti 1958. Na hapa ndipo wengi hushangaa: haikuwa chakula cha maskini. Iliuzwa yeni 35, wakati fungu la tambi mbichi za udon liligharimu yeni 6 tu.

Miaka minane baadaye Ando alikwenda Marekani kutafuta wateja. Akawaona wanunuzi wa huko, wasiokuwa na bakuli, wakizivunja tambi, wakazitia kwenye vikombe vya karatasi na kuzila kwa uma. Akarudi na wazo. Kazi ngumu ilikuwa kulitia donge la tambi kikombeni bila kupinduka wala kuvunjika. Mwishowe akageuza mambo: badala ya kutia tambi kwenye kikombe, akakifunika kikombe juu ya tambi. Donge linabana katikati, halifiki chini, na maji ya moto yanalizunguka pande zote. Cup Noodles zilianza kuuzwa Septemba 1971, na mwanzoni hazikwenda haraka. Februari 1972 kundi la wanamgambo lilimteka mwanamke katika nyumba ya mapumziko ya Asama-Sanso, kwenye milima ya Nagano. Baridi ilikuwa kali, chakula walicholetewa polisi waliozingira nyumba kiliganda, wakapewa Cup Noodles. Nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni ikifuatilia mkasa, na kila kamera ilipowageukia polisi watu waliona mvuke unatoka kikombeni. Kampuni gani ingeweza kulipia tangazo kama hilo? Mwaka 2005 mwanaanga Soichi Noguchi alizila tambi za Ando angani, zilizotengenezewa mchuzi mzito ili usielee. Ando mwenyewe alifariki Januari 2007, akiwa na miaka 96.

Kari, je? Watoto wa Kijapani huitaja miongoni mwa vyakula wavipendavyo kuliko vyote, na hawali kari ya Kihindi. Yao ni nzito, tamu kiasi, ina viazi, karoti na nyama, na iliwafikia kutoka kwa Waingereza katika karne ya 19. Jeshi la majini mpaka leo hula kari kila Ijumaa. Februari 1968 kampuni ya Otsuka ilianza kuuza Bon Curry, kari iliyopikwa tayari ndani ya mfuko, na ndicho chakula cha kwanza cha aina hiyo kuuzwa madukani popote duniani. Kampuni ndugu ilikuwa inatengeneza dawa za dripu za hospitali, kwa hiyo ujuzi wa kuua vijidudu kwa joto kali ndani ya mfuko uliofungwa ulikuwa mkononi. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa plastiki inayoonyesha, kari ikikaa miezi michache tu. Mwaka uliofuata wakaongeza tabaka la alumini. Mama hutumbukiza mfuko kwenye maji yanayochemka na kumimina kari juu ya wali.

Je, wajua mwalimu mkuu wa shule ya Japani hula kabla ya wanafunzi? Si ubinafsi. Ni utaratibu: lazima aonje chakula cha shule kabla hakijagawiwa, ili kama kina hitilafu ijulikane mapema. Chakula cha shule kilianza mwaka 1889 katika hekalu moja mjini Tsuruoka, ambako watawa walikusanya sadaka wakawalisha watoto wa maskini matonge ya wali, samaki wa chumvi na mboga za achari. Baada ya vita watoto walikua kwa maziwa ya unga na mkate wa ngano ya Marekani, sheria ya chakula cha shuleni ikatungwa mwaka 1954, na wali haukurudi rasmi kwenye sinia za shule hadi mwaka 1976. Fikiria hilo: taifa la wali, watoto wanakula mkate. Na mpaka leo, katika shule nyingi hakuna mhudumu wala mgahawa. Watoto wenye zamu huvaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, husukuma toroli hadi darasani na kuwapakulia wenzao. Mwalimu anakula nao papo hapo, chakula kile kile.

Kwenye vitafunio nitapita haraka. Umaibo, kijiti cha mahindi yaliyofutuliwa, kiliuzwa yeni 10 tangu mwaka 1979 na bei haikuguswa hadi 2022, ilipokuwa yeni 12. Lambalamba iitwayo Garigari-kun ilipanda kutoka yeni 60 hadi 70 mwaka 2016, na kampuni ikarusha tangazo la televisheni ambamo mwenyekiti na wafanyakazi wamejipanga mbele ya kiwanda, wameinamisha vichwa kuomba radhi. Yeni kumi! Siku ya Krismasi nayo, katika nchi ambayo Wakristo ni kama asilimia moja tu, familia nyingi hula kuku wa KFC. Desturi hiyo ilitokana na tangazo la biashara la mwaka 1974, na anayemtaka kuku wake humwagiza wiki kadhaa kabla.

Halafu kuna maduka yasiyofungwa, konbini. 7-Eleven ya kwanza ilifunguliwa Toyosu, Tokyo, Mei 1974, na inasimuliwa kwamba mteja wa kwanza kabisa hakununua chakula bali miwani ya jua. Sasa yako zaidi ya 55,000 ya kampuni mbalimbali nchini kote, na magari huleta matonge na vyakula vya kufungasha mara kadhaa kwa siku. Ukinunua, muuzaji anakuuliza kama akupashie. Wenye kubana matumizi, hata hivyo, huenda kwenye duka kubwa jioni. Karibu na saa za kufunga mfanyakazi hutoka na bunda la stika, anaanza kubandika punguzo kwenye samaki, kuku wa kukaanga na sushi: kwanza asilimia 20, baadaye nusu bei. Wateja wanazungukazunguka kama hawana haraka, jicho likiwa kwenye stika. Hakuna anayemsukuma mwenzake, lakini stika ya nusu bei ikigusa tu kifuniko, sinia imeshaondoka.

Mkono wetu nao umo mezani hapo. Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouza kwa wingi. Mbegu unazoziona zimenyunyizwa juu ya wali zinaweza kuwa zimetoka Lindi. Kahawa ya kopo, ambayo mashine za barabarani huiuza ya moto majira ya baridi na ya baridi majira ya joto, ilianza kutengenezwa kwa wingi huko huko mwaka 1969, na moja ya majina yanayoheshimika kwenye soko la kahawa la Japani ni Kilimanjaro. Ila kwa taratibu za soko lao jina hilo hupewa arabika ya Tanzania kwa jumla, isipokuwa ya Bukoba. Kwa hiyo mkulima wa Mbinga, aliye mbali kabisa na mlima huo, ajue kwamba kahawa yake ikifika Tokyo inaitwa Kilimanjaro.