Nyumba Yenye Kuonyesha Mbingu

Mwezi huu ninataka kukuuliza ulizo moja: ni lini mara ya mwisho ulisimama inje na mutoto wako usiku, mukatazama juu? Si kutazama kama mvua inakuja. Kutazama tu.

Sisi watu wa Kasumbalesa tunatazama chini na mbele. Kamio inafuata kamio, vumbi, watu wa duani, bei ya unga, kwacha na dolari. Usiku taa za parkingi zinafunika nyota. Mutoto anaweza kukomaa hapa na kujua marke zote za kamio, lakini hajui nyota hata moja kwa jina lake. Na kitu mutu asichokijua, anakiogopa.

Ninasema hivi sababu mimi mwenyewe niliogopa. Tarehe 21 Juni 2001 ilikuwa siku ya ine. Nilikuwa kijana. Watu walisema giza inakuja, tununue mishumaa. Mama akafunga madirisha, tukaingia ndani sisi wote, tukaanza kuimba. Wadogo zangu walilia. Na mimi, mwenye kusoma vizuri, niliwasomea kitabu cha Ufunuo kwa sauti kubwa, wakazidi kulia. Kisha mwangaza ukarudi, tukatoka, tukasema Mungu ametuhurumia.

Nyuma ya miaka mingi ndipo nilielewa. Siku ile mwezi ulipita kati ya jua na inchi, sawasawa na hesabu ambayo wenye elimu walikuwa wameifanya tangu zamani, saa na dakika. Hapa kwetu jua lilifunikwa sehemu kubwa. Kule Lusaka, mwendo wa siku moja tu kwa kamio, lilifunikwa kabisa kwa dakika zaidi ya tatu, na watu wa inchi za mbali walikuwa wamelipa ndege kuja kuona. Wao walilipa ndege. Sisi tulifunga dirisha.

Ndiyo maana ninataka kukuelezea habari ya nyumba inayoitwa planetariumu. Ni chumba cha muviringo, dari lake kama kibuyu kilichokatwa na kufunikwa juu ya vichwa vya watu. Watu wanaketi, taa zinazimwa, na mashine iliyo katikati inatupa nyota darini. Mashine ya kwanza ya namna ile ilitengenezwa na kampuni Zeiss ya Ujerumani, ikaonyeshwa mwaka 1923. Ilikuwa tufe lenye matundu madogo sana na taa kali ndani yake, na mota ya kuligeuza, hivi kwamba usiku muzima unapita kwa dakika chache. Leo nyumba nyingi zinatumia ordinateri na projekta, na mutoto anaonyeshwa hata Zuhali na pete zake, kama vile anaikaribia.

Huku kusini mwa Afrika, jumba la Johannesburg lilifunguliwa Oktoba 1960, na mashine yake ya kwanza ilinunuliwa toka Hamburg ikiwa imekwisha kutumika. (Wandugu wa Kasumbalesa wanaouza vitu vya okazyo wasione haya!) Cape Town walipata lao mwaka 1987.

Lakini kile kilichonipendeza zaidi ni cha Kenya. Mwanamuke mumoja, Susan Murabana, pamoja na bwana yake Chu Owen, walianzisha kazi inayoitwa Travelling Telescope, maana yake darubini inayosafiri. Wanapeleka darubini ku masomo, hata vijijini, na wanachukua planetariumu ya kitambaa. Ndiyo, ya kitambaa! Inakunjwa, inawekwa katika motokari, wakifika wanaijaza upepo kwa feni mupaka inasimama kama kichuguu kikubwa. Watoto wanaingia kwa kuinama, wanaketi chini, na mbingu yote iko ndani. Hawangojei watoto wa mbali wafike mujini.

Hapa Kasumbalesa hatuna nyumba ile. Lakini tuna makopo.

Mbele ya kueleza kopo, nieleze kwanza jambo lililonisukuma. Mama mumoja wa kanisa aliniletea mutoto wake wa miaka tisa. Mutoto alikuwa ameona moto unaanguka toka juu usiku, akapiga kelele, akawaambia watu wa nyumba. Juma lililofuata mujomba wake akafunikwa na udongo katika shimo walipokuwa wakichimba, akafa. Jamaa wakaunganisha mambo mawili: mutoto aliona mbele, basi iko na ulozi. Baba mukubwa alitaka afukuzwe. Wewe unayeishi hapa unajua watoto wanaolala chini ya makamio pale parkingi, na unajua wengine walifika pale kwa njia gani.

Sikufanya maombi marefu. Nilimwambia mama arudi usiku na mutoto, tukaenda nyuma ya nyumba za mwisho, mahali taa hazifike. Ilikuwa wakati wa baridi, mbingu safi. Tukaketi juu ya mukeka. Katika saa moja na nusu mama mwenyewe alihesabu mioto mitatu inayoanguka. Nikamwuliza: “Mama, hawa watatu ni nani wamekufa?” Akanyamaza. Nikamwelezea kwamba ile si nyota. Ni vumbi na vijiwe vidogo, vingi havipiti punje ya muchanga, vinavyoingia katika hewa yetu kwa mbio kubwa sana, hewa mbele yavyo inapata moto, vinawaka na kwisha. Kila usiku vinaanguka, pa Kolwezi kama pa London, tuvione ao tusivione. Na Yeremia 10:2 imekwisha kutukataza kushituka kwa ajili ya alama za mbinguni.

Mama alimurudisha mutoto nyumbani, naye iko pale mupaka sasa. Baba mukubwa hajakubali. Anasema pasta amekuwa muzungu.

Basi kopo. Baba na mama, na ninyi walimu wa ekodimu: twaa kopo tupu ya maziwa ya unga na musumari mwembamba. Kwenye kitako chake piga matundu kwa mufano wa nyota, musumari mukubwa kidogo kwa nyota yenye kungaa zaidi. Lakini angalia: ukipiga toka inje, chora picha kwa kuigeuza, kuume kuwe kushoto, kama katika kioo. Mimi sikujua, tukafanya Musalaba wa Kusini wa kinyume, na watoto ndio walionicheka. Weka tochi ya taa moja ndogo ndani, zima taa ya chumba, elekeza ukutani. Kuran ikikatika, ni vizuri zaidi.

Anza na Musalaba wa Kusini. Toka Aprili mupaka Julai unaonekana vizuri upande wa kusini mangaribi ikiisha, na nyota mbili kali kandokando zinakuonyesha mahali. Novemba, mvua ikianza, tafuta Kilimia upande wa mashariki, nyota sita ao saba zilizokusanyika. Mababu walilima kwa kuifuata, na Mungu anaitaja kwa Ayubu, sura ya 38.

Kwa baba wanaofanya kazi katika migodi nina neno moja zaidi. Wenye elimu wanatufundisha kwamba shaba na kobalti hazikutengenezwa ndani ya inchi hii. Zilitengenezwa katika nyota kubwa zilizoishi na kupasuka mbele jua letu halijakuwako, na mavumbi yao yakaingia katika udongo wa kuumba dunia. Sitagombana na mutu juu ya hesabu ya miaka. Lakini mwambie mutoto wako kwamba lile jiwe la kijani unaloosha katika mikono yako lilipita ndani ya nyota. Utaona uso wake.

Na weka tarehe hii katika Biblia yako: 25 Novemba 2030. Siku ile jua litafunikwa tena kabisa katika Namibia, Botswana na Afrika ya Kusini, na sisi tutaliona limeliwa kipande, kama mawingu ya mvua yataturuhusu. Musitumie kioo cha moshi wala filme ya radio ya hospitali, vinaharibu macho bila maumivu. Toboa tundu dogo katika karato, acha mwangaza upite uanguke kwenye karatasi nyeupe, na mutazame karatasi, si jua.

Yule mutoto wa miaka tisa ndiye anayeshika tochi siku hizi ku ekodimu. Amekwisha kutoboa makopo manne, na sasa ananiomba kopo kubwa ya rangi.